Simpático, amable, majo: namna ya kumsifu mtu kwa Kihispania bila kumkosea

Wageni walikuwa sita, wote kutoka Hispania. Tulikuwa geti la Machame, Kilimanjaro, mizigo inapimwa, nami nawatambulisha wenzangu mmoja mmoja. Nilipofika kwa mpishi nikasema kwa moyo mmoja: *Es muy simpático*. Nilitaka kusema ni mtu mzuri, mtu ambaye ukiwa naye mlimani huna wasiwasi. Sasa, mpishi wetu ni mtu wa maneno machache. Akiwa na jambo analisema mara moja, kwa sauti ya chini, kisha anarudi kwenye sufuria zake. Siku ya tatu, kambi ya Barranco, mama mmoja wa kundi lile alinivuta pembeni akaniuliza: *¿Está enfadado con nosotros?* Ametukasirikia?

Haikuwa hivyo hata kidogo. Ni yeye aliyehakikisha beseni la maji ya moto linafika mlangoni pa kila hema kabla ya mgeni kutoa kichwa nje. Ni yeye aliyeona kwamba mmoja wao anatenga vitunguu pembeni ya sahani, na kuanzia usiku ule akampikia mchuzi wake mbali bila kuagizwa. Kosa lilikuwa kwenye neno langu. Nilikuwa nimewaahidi mtu mchangamfu, wao wakangoja uchangamfu siku tatu, na ulipokosekana wakadhani wamemuudhi.

Tangu hapo nimeyachukulia maneno haya kwa uzito, na mwongozo huu ni kwa yeyote anayejifunza Kihispania na angependa kumsifu mtu kwa sifa yake hasa. Waongoza wageni wenzangu wa Arusha, Moshi na Zanzibar watauhitaji zaidi, maana sisi tunasifu na kusifiwa kila wiki.

Hatua ya kwanza: jiulize sifa inakaa wapi

Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. Hakuna kati yetu anayechanganya mpole na mcheshi, wala mkarimu na muungwana. Shida inaanza tunapovuka kwenda Kihispania, kwa sababu huko mipaka imechorwa kwingine, na kamusi nyingi zinakupa jibu moja, "mzuri, mwema", kwa maneno sita tofauti.

Kabla hujachagua neno, tafuta mahali sifa inapokaa. Inaweza kukaa kwenye matendo ya mtu: amekuelekeza njia, amekupisha, amekungoja. Inaweza kukaa ndani yako wewe unayemtazama: ukiwa naye unachangamka, unacheka, saa zinapita bila wewe kuziona. Au inaweza kukaa moyoni mwake, hata siku ambayo hakuna anayeiona. *Amable* ni neno la matendo. *Simpático* na *agradable* ni maneno ya hisia anayokuachia. *Bueno* ni neno la moyo. Ukishika nguzo hizi tatu, maneno mengine yote utajua pa kuyaegemeza.

Hatua ya pili: tenganisha simpático na amable

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Amable* limetoka Kilatini, *amabilis*, kwa maana ya mtu anayestahili kupendwa. Ile *-ble* ya mwisho inafanya kazi inayokaribiana na *-ika* na *-eka* zetu, kama katika kupendeka au kusomeka. Lakini katika matumizi ya leo neno limehamia kwenye mwenendo: mtu *amable* anakutendea vizuri, kwa heshima na kwa hiari. Unaweza kumwita mtu *amable* baada ya dakika mbili tu za kukutana naye, kwa tendo moja. *Fue muy amable al esperarnos*: alifanya uungwana kutungoja.

*Simpático* asili yake ni Kigiriki, kutoka kwenye neno lililounganisha "pamoja" na "hisia". Mtu *simpático* anakuvuta. Ana bashasha, anaongea, anatabasamu, na kuwa naye hakuchoshi. Kwa Kiswahili mara nyingi ni mchangamfu, mara nyingine mcheshi, na akiwa hivyo kwa kila mtu tunasema ni mtu wa watu.

Jaribu mizani hii. Umekwenda ofisini kufuatilia karatasi zako. Mama wa dirishani amekueleza kila kitu, amekuandikia namba ya fomu, amekuonyesha chumba cha kwenda, lakini uso haukufunguka hata mara moja. Utasema: *La señora de la ventanilla fue muy amable, pero simpática no es*. Sasa geuza. Una binamu ambaye akifika barazani watu wote wanavunjika mbavu, ila hujawahi kumwona akisogeza kiti wala akimpokea mtu mzigo. Huyo: *Mi primo es simpatiquísimo, pero nada amable*. Sentensi zote mbili ni Kihispania safi, na hakuna anayeona zinajipinga. Mpishi wetu ni jamaa wa yule mama wa dirishani, isipokuwa yeye moyo wake ni laini zaidi.

Wale tuliopita kwenye Kiingereza kwanza tuna mtego mwingine. *Simpático* linafanana na neno la Kiingereza la mtu anayekuonea huruma, na ufanano huo unapotosha vibaya. Mtu aliyekushika mkono msibani ni *compasivo*, mwenye huruma, au *comprensivo*, anayekuelewa. Ukisema *fue muy simpático en el entierro de mi padre*, umesema kwamba wakati baba yako anazikwa yeye alikuwa amechangamka na kuchekesha watu. Hilo hulitaki kumsingizia mtu aliyekuja kulia nawe.

Kwa hisia hii ya kuvutiwa na mtu, Wahispania mara nyingi hawatumii hata kivumishi. Wanatumia kitenzi *caer*, kuanguka: *me cae bien*, "ananiangukia vizuri". Anayeanguka ndiye mtenda, kwa hiyo kitenzi kinamfuata yeye: *me cae bien tu hermano*, lakini *me caen bien tus hermanos*. Ikiwa ni kwa mara ya kwanza mlipokutana, *me cayó bien*. Ndiyo ile yetu ya damu kupatana. Na *me cae mal* ni ile ya kutoiva chungu kimoja: huna kosa la kumtaja, ila hamwendani. Ukijifunza kitenzi hiki mapema utaepuka nusu ya makosa ya vivumishi, nami najuta kwamba nilikifikia nikiwa nimechelewa.

*Amable* lina kazi nyingine ambayo haliwezi kuachia neno jingine: adabu ya kuomba na kushukuru. *¿Sería tan amable de esperar aquí un momento?* ni ombi la heshima kwa mtu unayemwita *usted*, "wewe" ya heshima. Na mtu akikuokotea kofia, *Muy amable, gracias* inatosha. Jaribu kuweka *simpático* hapo na utaona sentensi inavunjika.

Jambo la kutamka nalo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu unataka kufanya hivyo kila mahali. Kwa *amable*, *agradable*, *majo* na *bueno* mazoea yetu yanatufaa. Kwa *simpático* hayafai: alama juu ya *á* inakwambia ukaze hapo, sim-PA-ti-ko, si sim-pa-TI-ko. *Encantador*, *gentil* na *cortés* zinakazwa mwishoni kabisa.

Hatua ya tatu: agradable, neno la umbali

*Agradable* ni la watu na vitu pia: hali ya hewa, sauti, chumba, matembezi ya jioni. Kwa kuwa linaweza kusifu kiti, likimsifu mtu huwa na ubaridi kidogo. Si ubaya. Ukisikia *es una persona agradable*, elewa kwamba mtu huyo hana neno, unaweza kukaa naye safari nzima ya basi bila kukereka. Ila msemaji hajakwambia kwamba angependa kumwona tena. Katika barua za kazi linafaa sana, hasa *de trato agradable*, mtu ambaye kuhusiana naye ni kwepesi.

Hatua ya nne: majo, na wapi pa kulitumia

*J* ya Kihispania cha Hispania inatamkwa karibu na *kh* ya "kheri" kama anavyoitamka mtu anayejua Kiarabu. Kwa hiyo ni *makho*, na kwa mwanamke *makha*.

Neno hili lina historia ya mtaani. Katika karne ya 18, *majos* na *majas* walikuwa watu wa mitaa ya kawaida ya Madrid waliojipamba kwa mavazi ya kujionyesha na kutembea kwa maringo. Francisco de Goya aliwachora, na picha zake mbili za maja aliyejinyoosha, mmoja amevaa na mwingine hajavaa, ziko jumba la makumbusho la Prado mpaka leo. Maringo yamekwisha kwenye neno, umebaki uzuri wa tabia.

Leo *majo* ni la kila siku Hispania. Linakaa katikati ya *simpático* na *amable*: mtu mwema, mwepesi, asiyejikweza, ambaye umempenda bila kufikiri sana. *Tu hermana es muy maja. Qué majos son los vecinos.* Linasemwa pia kwa kitu kilichompendeza mtu, *un pisito muy majo*, kijumba kizuri hivi. Mgeni wa Madrid au Zaragoza akimwita dereva wako *majísimo*, amempa sifa ya dhati, isiyo rasmi, ya mtu ambaye angependa kunywa naye kahawa.

Tahadhari mbili. Usilitumie kumwitia mtu usiyemjua: *oye, majo* inaweza kusikika kama unamshusha, au kama umeanza kukasirika. Na ukiwa na wageni wa Meksiko, Kolombia au Argentina, liache. Watakuelewa, ila masikioni mwao ni neno la Hispania, si lao.

Hatua ya tano: encantador si encantado

*Encantador* ni sifa nzito: mtu mwenye mvuto, anayekuteka kwa upole na adabu zake. Mizizi yake ni kwenye uchawi na uganga wa nyimbo, na bado linabeba kitu cha kuloga. Kwa kuwa tayari liko juu, kwa kawaida haliongezewi *-ísimo*. Linabadilika kwa jinsia: *encantador, encantadora, encantadores, encantadoras*.

*Encantado* ni jambo jingine kabisa: ni aliyefurahi, aliyelogwa. Mkikutana mara ya kwanza, mwanamume anasema *encantado* na mwanamke *encantada*, yaani nimefurahi kukufahamu. Mwanafunzi anayejitambulisha kwa *soy encantador* amejisifu mwenyewe mbele ya wageni. Kariri tofauti hii kwa kuangalia nani anafanya: *-dor* ni mtenda, *-do* ni mtendwa. Kama vile mpishi na kilichopikwa.

Kuna pia njia ya nomino, nami naipenda kwa sababu inatoka moyoni. *Es un encanto. Es un sol*, ni jua. *Es un cielo*, ni mbingu. *Es un pedazo de pan*, ni kipande cha mkate, yaani mwema asiye na hila. Nomino hizi hazibadiliki kwa jinsia ya anayesifiwa: mpishi mwanamume *es un sol*, mhudumu mwanamke naye *es un sol*.

Hatua ya sita: bueno, kwa uangalifu mkubwa

*Bueno* linaonekana jepesi, na ndilo linaloumiza zaidi. Mambo mawili yanalibadilisha: mahali linapokaa na kitenzi kinachoambatana nalo.

Likifuata nomino, ni la moyo: *un hombre bueno*, mtu mwema. Likitangulia nomino ya kiume ya umoja, hupungua na kuwa *buen*, na mara nyingi hupima ustadi au nafasi ya mtu: *un buen médico* ni daktari anayejua kazi yake, *un buen padre* ni baba anayetimiza ubaba. Daktari anaweza kuwa *un buen médico* na asiwe *un hombre bueno*. Ukitaka kusema bila utata kwamba mtu ana utu, tumia *es muy buena persona*. Hiyo ndiyo ningetumia kwa mpishi siku ile.

Sasa kitenzi. *Es bueno*: ni mwema. *Está bueno*: chakula kikiwa kitamu, ndilo neno lenyewe, *la sopa está buena*. Lakini likisemwa juu ya mtu mzima, *está bueno* au *está buena* linazungumzia mwili wake, kwamba anatamanisha. Ukimsifu mkwe wako kwa *mi suegra está muy buena*, meza nzima itanyamaza. Hakuna kosa la kisarufi ninalolitahadharisha zaidi ya hili kwa wanaoanza.

Mtu mwema kupita kiasi, anayekubali kila kitu mpaka watu wanamtumia vibaya, ni *un buenazo* au *bonachón*. Ni sifa yenye huruma ndani yake. Usiiandike kwenye barua ya kumpendekeza mtu kazini.

Hatua ya saba: ser na estar kwa maneno mengine

Kwa *amable*, *simpático* na *agradable*, tofauti ya vitenzi viwili vya "kuwa", *ser* (*es*, *fue*) na *estar* (*está*, *estuvo*), si ya hatari kama ya *bueno*, ila inabeba habari. *Es amable* ni tabia yake. *Está amable* ni hali ya leo, na mara nyingi inaashiria kwamba jana hakuwa hivyo. Mtu akisema *¡Qué simpático estás hoy!*, sikiliza sauti: pengine ni "leo kulikoni?"

Katika wakati uliopita mambo yanalainika. *El guía estuvo muy simpático toda la tarde* haina lawama. Inasema tu kwamba alasiri ile nzima alikuwa hivyo. Kwenye maoni ya wageni utakutana na *estuvo* na *fue* zote, usizitafutie ubaya.

Hatua ya nane: maneno ya kazini na nyumbani

Hapa ndipo Kihispania kinapokuwa na hazina, na kwa watu wa huduma ni vizuri kuijua yote.

*Atento* ni anayeona unachohitaji. Ndiye yule wa vitunguu. *Servicial* ni aliye tayari kukusaidia wakati wote. Kwa mfanyakazi ni sifa, lakini kwa bosi au mzee linasikika vibaya, kana kwamba umemfanya mtumishi. *Detallista* ni anayekumbuka mambo madogo: siku yako ya kuzaliwa, chai bila sukari, jina la mwanao.

*Educado* ni mwenye adabu, si msomi. Msomi ni *culto*. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu sisi pia tunatofautisha aliyesoma na aliyefundwa. *Un niño muy educado* ni mtoto aliyefundwa akafundika. Kinyume chake, *maleducado*, ndiye yule ambaye asipofunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

*Cercano*, wa karibu, husemwa juu ya mtu mwenye cheo au jina ambaye hajikwezi. *Campechano* ni hilo hilo lenye uchangamfu zaidi, na Wahispania walilitumia sana kwa aliyekuwa mfalme wao, Juan Carlos I.

*Cariñoso* ni anayeonyesha mapenzi kwa maneno na kwa mkono: anakumbatia, anabusu, anaita majina ya upendo. Kwa mtoto, bibi au mwenzi wako, zuri. Kwa mwenzako wa kazi, acha, litaeleweka vingine.

Na kuna *entrañable*, neno ninalolipenda kuliko yote. Limetokana na *entrañas*, viungo vya ndani ya mwili. *Un amigo entrañable* ni rafiki aliyekaa ndani yako. Kiswahili kina neno lililojengwa kwa fikra ile ile: mwandani. Sijawahi kulieleza *entrañable* kwa mwanafunzi anayeongea Kiswahili asilielewe mara moja.

Je, maneno yetu tunayoyapenda yanakwendaje huko? Mkarimu anagawanyika: anayekupokea nyumbani ni *hospitalario* au *acogedor*, anayetoa ni *generoso*. Mpole ni *tranquilo*, *apacible* au *dulce*. *Gentil* halimaanishi mpole, linakaribia *amable*, na *manso* ni la ng'ombe au mbwa asiyeuma. Mnyenyekevu ni *humilde*, lakini angalia: *una familia humilde* ni familia maskini, kwa hiyo *es de origen humilde* inazungumzia mfuko, si moyo.

Hatua ya tisa: uliza mgeni anatoka wapi

Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, mojawapo iko bara letu, Guinea ya Ikweta. *Amable* na *simpático* zinasafiri kote. Mengine yana makwao.

Meksiko, Argentina na Chile utasikia *es buena onda*. Argentina pia *es copado*. Venezuela, Kolombia, Ekuado, Peru na visiwa vya Karibea, *es chévere*. Kosta Rika mtu anaweza kuwa *pura vida*. Kolombia, hasa upande wa Antioquia, *qué señora tan querida* ni mama mwema, mkunjufu. Haisemi kwamba ni mpenzi wa mtu.

*Buena gente* inapendwa sana Amerika ya Kilatini, na ingawa *gente* ni watu, inasemwa kwa mtu mmoja: *el chofer es muy buena gente*. Usigeuze maneno. *Gente bien* ni watu wa tabaka la juu, wenye nazo, na mara nyingi husemwa kwa kijembe.

Tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye *salado*, chenye chumvi. Hispania, mtu *salado* ni mcheshi mwenye ladha, na asiye na ladha ni *soso*, asiyekolea. Meksiko, Kolombia au Peru, *estar salado* ni kuwa na nuksi, au kama vijana wanavyosema, kuwa na gundu. Ukimsifu dereva hivyo mbele ya wageni wa Meksiko wakati mnaingia njia ya tope, umewapa sababu ya kuogopa.

Hatua ya kumi: pima uzito wa sifa

Maneno ya *-ble* hayabadiliki kwa jinsia, kwa idadi tu: *amable, amables*. Ya *-o* yanabadilika kwa yote mawili. Kuyakuza, *-ble* inageuka *-bilísimo*: *amabilísimo, agradabilísimo*. *Simpático* inakuwa *simpatiquísimo*, na *qu* imeingia ili sauti ya *k* isipotee. Kwa mdomo, *qué … tan* inatoka kwa urahisi zaidi: *¡Qué hombre tan atento!*

Jihadhari na *simpaticón*. Inaonekana kama kukuza, kumbe inapunguza: mchangamfu wa kujitia.

Hatua ya kumi na moja: jizoeze kwa watu unaowajua

Chukua watu watano wa maisha yako, uandike sentensi mbili kwa kila mmoja: ya kwanza ikisema alivyo, ya pili ikisema asivyo. *Mi tía es buenísima persona, pero no es simpática. El vecino es muy educado, pero no me cae bien.* Sehemu ya "asivyo" ndiyo inayokufundisha, kwa sababu inakulazimisha kuona mpaka. Ukishindwa kuandika ya pili, neno la kwanza bado hujalielewa.

Kisha fanya kazi ya kurudi. Madereva wetu hupenda kusomewa walichoandikiwa na wageni, na zamani nilikuwa nawaambia wote jambo moja: "Wamesema wewe ni mzuri sana." Siku hizi natafsiri neno kwa neno. *Muy atento*: wamesema unaona kabla hujaambiwa. *Majísimo*: wamekupenda, wangekaa nawe. *Muy amable*: umewatendea kiungwana. *Agradable*: hawakuwa na lalamiko lolote. Dereva anajua mwenyewe wapi pa kuongeza.

Na mpishi? Bado tunapanda naye. Getini sasa nasema: *Es un hombre muy atento y muy buena persona. Habla poco.* Wageni wanamwamkia kwa kichwa, naye anaitikia hivyo hivyo. Safari iliyopita, tukiwa tunafunga mizigo, aliniuliza nimewaambia nini. Nikamwambia: nimesema unaangalia watu vizuri, ila huongei sana. Akafikiri kidogo, akasema, "Hapo sawa," akaenda kuhesabu sufuria.